Mmoja Akate, Mwenzake Achague

Shule niliiacha darasa la nne, na tangu siku hiyo sijakutana na hesabu iliyonishinda, ila moja. Nimebeba mawe kwenye machimbo ya Bamburi mpaka bega likaota sugu. Nimesukuma mkokoteni wa maji Likoni nzima. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi pale Kiembeni, na ukitaka simiti, mabati, misumari au mchanga wa lori, utaelekezwa kwangu hata na mshindani wangu. Hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba anayeandika hapa si mtu wa kubahatisha. Na ile hesabu moja iliyonishinda, mwishowe niliishinda. Ilikuwa hesabu ya nani aanze.

Nani aanze kucheza karata, yaani. Usicheke. Watu wazima wamenuniana kwa jambo hili, na mimi nilikaribia kumpoteza rafiki niliyekuwa naye tangu sina hata viatu.

Rafiki huyo ni fundi cherehani wa Bofu, kulekule Likoni. Amenizidi miaka kama kumi. Siku zile za mkokoteni, nikimaliza kuuza maji nilikuwa naenda kukaa mlangoni kwake, na hapo ndipo aliponifundisha karata. Alikuwa akishona huku anacheza. Mguu kwenye pedali, jicho kwenye suruali ya mtu, na mkono wa kushoto unatupa karata kama mtu anayefukuza nzi. Alinifunga siku ya kwanza, akanifunga mwezi mzima, akanifunga mwaka. Nilimwambia siku moja, "Kaka, hebu niachie hata mmoja, watu wanatuangalia."

Akakata uzi kwa meno. "Nikikuachia, utakuwa umeshinda nini?"

Siku niliyomfunga kweli nilikuwa nimeshatimiza miaka miwili pale mlangoni, na nilirudi na mkokoteni wangu naimba njia nzima. Nawaambia ukweli, ujasiri wa kufungua duka niliupata siku ile. Nilijua kwamba kitu nilichonacho mkononi hakuna aliyenipa kwa huruma.

Basi miaka ikaenda, nikahamia upande wa Kisauni, nikajenga, nikawa mtu. Yeye akabaki Bofu na cherehani yake. Kisha sukari ikamshika, na kidonda kidogo cha kidole kikapanda mpaka madaktari wakaukata mguu wa kulia chini ya goti. Ule mguu wa pedali. Cherehani ikafunikwa shuka. Watu wakienda kumtazama anamwambia mkewe aseme amelala. Hata mimi, ambaye sijawahi kubisha hodi kwake mara mbili, niliambiwa amelala saa nne ya asubuhi.

Mwingine angelia. Mimi niliwaza. Nikamnunulia simu nzuri, nikamdanganya kuwa ni ya zamani nimeichoka, nikampelekea ikiwa na programu ya karata ndani. Kisha nikaanzisha mashindano. Nilikusanya watu wa Kisauni na Bamburi, wenye maduka, mafundi, madereva wa tuktuk, mlinzi mmoja wa hoteli, tukafanya kundi la simu, na mimi nikawa mwenyekiti kwa sababu wazo ni langu na zawadi ya mbuzi ni yangu. Watu walidhani nimefanya vile kutangaza duka. Nikawaacha wadhani hivyo.

Mchezo wenyewe ni ule wa kumaliza. Vijana wa bara huuita kadi, sisi twasema karata, na hauna ugumu wowote. Mnacheza wawili, kila mmoja ana karata sita. Ikiwa chini kuna nne ya uru, unatupa uru nyingine au nne nyingine. Huna, unaokota moja, zamu inapita. Wa kwanza kubaki mikono mitupu ndiye amekula. Kwenye simu ni hivyohivyo, ila programu inagawa yenyewe, na anayefungua chumba cha mchezo ndiye anayeanza.

Hapo sasa ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa adabu. Kwetu Pwani mgeni hupishwa. Mgeni hunawa wa kwanza, mgeni hukaa penye upepo, na barazani mkicheza karata mgeni hutupa ya kwanza. Hatukuwahi kuliuliza hilo. Kwa hiyo nilipoandika sheria za kundi, sheria ya pili ilisema: mgeni ndiye anayefungua chumba. Wengi wetu tulikuwa wa Kisauni, kwa hiyo fundi wangu wa Likoni, ng'ambo ya maji, akawa mgeni wa kila mtu. Kila mchezo, anaanza yeye.

Na akawa anakula! Wallahi nilifurahi. Ile sauti yake ya mlangoni ikarudi. Akimfunga mtu anatuma ujumbe wa sauti kwa kundi zima: "Mwambieni huyo mlinzi arudi getini, huku kwa wakubwa kumemshinda." Mkewe alinipigia simu akaniambia, "Shemeji, leo ameomba chai mwenyewe. Amekaa kitako." Nikamjibu kwamba mimi nikishika jambo linashikika.

Tulikwenda hivyo mpaka nusu fainali. Hapo akapangwa na mama mmoja wa Changamwe, muuza chai na mahamri pale yanapoegeshwa malori. Mama huyu alikuwa ameingia kundini kwa kualikwa na dereva, na akawafunga watu kimyakimya mpaka tukashtuka yuko nusu fainali. Sasa yeye wa Changamwe, fundi wa Likoni. Wote wageni. Nani apishwe?

Niliwaza kidogo tu, kidogo sana, kisha nikaandika: fundi afungue chumba, kwa kuwa ni mgonjwa.

Fundi akamfunga. Lakini vizuri nieleze alivyomfunga: mama yule alikuwa amebakiwa na karata moja, na hiyo moja ilikuwa inaingia. Angepata zamu moja tu zaidi, amemaliza. Zamu hiyo ndiyo aliyokuwa nayo mwenzake kwa kuanza.

Haikupita nusu saa, ujumbe wa sauti ukaingia kwenye kundi. Nyuma yake yasikika malori yakinguruma.

"Mwenyekiti, salaam aleikum na wote mlioko humu. Mimi sina ugomvi na mzee wa Likoni, mzee anajua karata. Ugomvi wangu ni na wewe. Mimi nikingoja wateja, huwa nachora mistari kwenye daftari. Upande huu aliyeanza akala, upande huu aliyefuata akala. Nimechora tangu niingie humu. Upande wa wanaoanza umejaa hadi chini ya ukurasa, upande wa pili haujafika nusu. Na huyo mzee, mwenyekiti, tangu mashindano yaanze hajafuata hata siku moja. Sasa mwatuita kushindana ama mwatuita kumliwaza mtu?"

Akatuma na picha ya daftari. Lina doa la chai pembeni.

Watu wakaanza. Mmoja akasema mama ana wivu. Mwingine akasema, hapana, hata yeye amekuwa akiliona. Mlinzi wa hoteli akaandika, "Kumbe!" basi, na hilo neno lake moja lilinichoma kuliko yote.

Fundi hakuandika kwenye kundi. Alinipigia.

"Tajiri. Ni kweli siku zote mimi ndiye ninayeanza?"

"Wewe mgeni, fundi. Mgeni hupishwa."

"Na leo? Yule mama pia mgeni."

Ningeweza kutafuta la kusema. Mimi ni mtu wa maneno, nimeuza mabati kwa watu waliokuja kununua misumari. Lakini nilijiamini kupita kiasi, nikacheka. "Bwana, wewe mgonjwa. Mgonjwa si hupishwa pia? Kuna ubaya gani?"

Kisha akasema polepole, "Miaka ile yote mlangoni kwangu, mimi nilikupisha mara ngapi?"

Akakata. Nilipotazama kundi, ule mstari mdogo wa kijivu ulikuwa umeshaandikwa: ametoka.

Nilipiga, hakushika. Nikampigia mkewe, akaniambia simu ameizima na ameiweka juu ya cherehani, juu ya lile shuka. Na amerudi kulala.

Sasa nieleweke. Mimi sikuumia kwa kuambiwa sheria yangu ni mbovu. Kitu kibovu hutengenezwa. Niliumia kwa sababu mtu ambaye hakunidharau hata siku moja, nikiwa kijana wa mkokoteni ninayenuka jasho, mimi nilimdharau kwa kumfanyia wema. Na nilijua hatarudi kwa kubembelezwa. Kumbembeleza kungekuwa kumpisha mara ya tatu. Kingemrudisha kitu kimoja tu: mchezo ulio sawa, ambao akishinda amejua ameshinda, na akifungwa amefungwa.

Nikaanza kutengeneza. Watu wa kundi wakasema turushe sarafu. Nikairusha dukani, nikaipiga picha, nikaituma. Dereva mmoja akauliza, "Na sisi tumejuaje hujairusha mara tatu ukachagua?" Alikuwa na haki. Kwenye baraza sarafu ina macho ya watu wote, kwenye simu ina jicho la mwenyewe tu.

Nikasema basi kila jozi icheze michezo miwili, mmoja aanze huu, mwenzake aanze ule. Hilo lilikuwa zuri, na mpaka leo tunalitumia. Lakini kwa kuwa anayeanza ana nguvu, mara nyingi kila mtu anakula wake, mnabaki sare, moja kwa moja. Mchezo wa tatu aanze nani? Tumerudi pale pale tulipotoka. Siku tatu niliuza simiti kichwa kikiwa kwingine. Mteja akitaka mifuko mitano nampakilia sita.

Jibu lilikuja mchana, na lilikuja na lori la mchanga.

Hapa Kiembeni watu wengi wanajenga kidogokidogo, na wengi hununua lori moja la mchanga wawili wawili. Lori likimwaga mbele ya duka langu, huwa ndio mwanzo wa vita: huyu amechukua upande wenye fungu kubwa, huyu amepata wenye mawe. Ugomvi huo niliumaliza zamani kwa desturi moja. Mmoja anashika sepetu, anagawa fungu mara mbili kwa jicho lake. Akimaliza anasimama kando, na mwenzake ndiye anayechagua la kwanza. Mmoja akate, mwenzake achague. Hutasikia hata neno. Mwenye sepetu hugawa kwa uangalifu kama anapima dhahabu, maana akipunja upande mmoja, upande huo ndio utakaobaki kuwa wake.

Siku hiyo walikuja mwalimu mmoja na mama mwenye saluni. Mwalimu akagawa, akazunguka fungu mara mbili, akapunguza huku, akaongeza kule. Nikamtazama yule mwalimu anavyotoka jasho kwa haki, nikapiga kelele peke yangu pale mlangoni, "Ndiyo hii!" Mama wa saluni akaruka.

Sikungoja. Niliacha duka kwa mke wangu, nikashuka mjini, nikavuka feri, na alasiri ilikuwa haijaadhiniwa nilipofika Bofu.

"Amelala," shemeji akasema, macho yake yananiomba radhi.

"Mwamshe. Mwambie sikuja kumtazama. Nimekuja kumfunga."

Kutoka ndani ikasikika sauti: "Nani huyo wa kumfunga mtu?"

Nikaingia. Alikuwa ameketi kitandani, mwembamba kuliko nilivyomwacha. Nikamwamkia, akaitikia kwa shingo upande.

"Umekuja kunipisha tena, tajiri?"

"Nimekosa, fundi. Nisamehe. Hilo moja. La pili, nina sheria mpya na wewe ndiye wa kwanza kuisikia. Ikiwa mbovu, niambie ni mbovu."

Nikamweleza habari ya mchanga. Tukifika moja kwa moja, kabla ya mchezo wa tatu mmoja anakata: anasema anayeanza apewe karata ngapi, na anayefuata apewe ngapi. Ile programu ina mahali pa kupanga hivyo, nilikuwa nimeshaitazama. Mwenzake ndiye anayechagua, aanze au afuate. Ukikata kwa ujanja, ujanja wako unarudi kukukalia wewe.

Akaipima kama anapima kitambaa. Kisha akauliza swali ambalo wasomi wa kundi langu zima hawakuwahi kuliuliza baadaye. "Na nani akate? Maana anayechagua ana nafuu kidogo kuliko anayekata."

"Anayejiona bingwa akate."

"Na wote wakijiona bingwa?"

"Basi wote watataka kukata, na tutamwachia aliyewahi kusema. Fundi, hivi umewahi kukutana na mcheza karata aliyekataa kuwa bingwa?"

Mdomo ukamcheza kidogo. "Mke wangu, lete karata. Zile za kweli."

Shuka likaondolewa juu ya cherehani, maana hapakuwa na meza nyingine. Tukacheza pale, yeye kitandani, mimi juu ya ndoo. Mchezo wa kwanza akaanza yeye, akala. Wa pili nikaanza mimi, nikala. Moja kwa moja.

"Nakata mimi," nikasema.

"Nilijua."

"Anayeanza saba, anayefuata sita."

Akatazama bati la paa, akatazama mikono yangu. Alikaa muda mrefu, na nilijua kwa kukawia kwake kwamba nimekata sawasawa. "Nafuata," akasema.

Nikaanza na saba zangu. Tulitupiana karata. Shemeji alisimama mlangoni na mwiko. Mwisho alibaki na karata moja, mimi nimebaki na mbili, na zamu ni yangu. Chini kuna nne ya uru. Mkononi nilikuwa na saba ya uru na saba ya kopa.

Hapo, nakiri, mkono wangu ulisita. Ningeweza kujifanya sina, nikaokota. Hakuna ambaye angejua. Shemeji angefurahi, chai ingepikwa. Nikainua macho, nikamkuta fundi hatazami karata. Ananitazama mimi. Anangoja aone nitafanya nini.

Nikatupa saba ya uru. Akaijaribu yake kwa macho, haikuingia, akaokota, na aliyookota nayo haikuingia. Nikatupa saba ya kopa, nikamwonyesha viganja vitupu.

"Nimekufunga, fundi. Mlangoni kwako."

Akaigeuza ile karata moja aliyokuwa amebaki nayo, mzee wa shupaza, akaiweka juu ya cherehani taratibu. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka shemeji akaja kumpiga mgongo. "Mjinga wewe," akasema. "Nilidhani utaokota. Wallahi ungeokota ningekutupia hiyo ndoo."

Akanyoosha mkono kuitaka simu yake. "Nirudishe. Na ule mchezo na mama wa Changamwe ufutwe, tuanze upya, miwili na wa tatu. Mwambie yeye ndiye akate. Mwambie mimi nimeomba."

Nilimrudisha nikiwa bado nimekalia ndoo. Sheria ya pili nikaifuta, nikaandika mpya kwa mkono wangu, na sasa makundi mengine ya karata, Changamwe na hata huko Mtwapa, yanaitumia bila kusema imetoka kwa nani. Imetoka kwangu. Mama wa chai alinitumia neno moja: "Haya." Kwa mama yule, hilo ni hotuba.

Walicheza Ijumaa baada ya swala. Sisi wengine tulikaa nje ya mchezo tukifuata kwenye simu zetu, mimi nimekaa juu ya mifuko ya simiti, wateja wananiita siwasikii. Wakafika moja kwa moja. Mama akakata: anayeanza saba, anayefuata sita, vilevile kama nilivyokata mimi, naye hakuwa ameniuliza. Fundi safari hii akachagua kuanza.

Akafungwa. Alibakiwa na karata moja, na zamu ilikuwa ya mama.

Nilikodolea macho chini ya kundi, pale unapoandikwa ule mstari wa kijivu. Nilijua namna anavyotoka mtu: haraka, bila kuaga. Mlinzi akapongeza. Dereva akapongeza. Upande wa Likoni hakuna kitu. Mteja mmoja akaniuliza bei ya misumari, nikamwambia chukua tu uende.

Kisha ujumbe wa sauti ukaingia, na kabla ya sauti yake nikasikia kitu kingine nyuma, kitu nilichokuwa sijakisikia muda mrefu. Cherehani. Inakwenda polepole, inasimama, inakwenda tena. Alikuwa anaizungusha kwa mkono.

"Mama wa Changamwe," akasema, "umenifunga kihalali, sina la kusema. Lakini usikae ukavimba kichwa, nimekupa kazi na wewe umeiona. Mashindano yajayo nakata mimi. Na wewe tajiri, najua unasikiliza, hiyo suruali uliyoiacha hapa mwaka juzi nimeanza kuipunguza kiuno. Uje uichukue, na uje na karata zako."

Mimi kiuno sijapungua hata inchi. Kimeongezeka. Lakini sikumwambia.